MASHINDANO YA BAISKELI YA SIKU MBILI
(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na vijana wa soko letu)

Tumeombwa na wakubwa wa mkutano huu tuwaeleze habari za mashindano ya baiskeli tuliyokwenda kushindana Eldoret na Iten, sisi watu watano wa hapa, kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Wengi wenu mwatuuliza njiani, "Nani alishinda?" nasi tukianza kujibu mwaona kana kwamba twazungusha maneno. Hatuzungushi. Jawabu lenyewe ni refu, kwa sababu mashindano ya namna hii hayafanani na mbio za miguu ambazo watu wa nchi hii ya milimani wazijua tangu utoto. Katika mbio za miguu mtu hutangulia, akafika, akashinda, basi imekwisha. Katika baiskeli mtu aweza kutangulia siku ya kwanza na ya pili, asishinde mashindano. Na mwingine aweza kuyashinda yote bila kutangulia hata siku moja.

Sababu ni hii. Safari hukatwa vipande, na kila kipande huitwa hatua. Kila mtu huandikiwa muda wake wa kila hatua, kisha muda huo hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1903 gazeti moja la Paris, L'Auto, lilianzisha mbio za kuizunguka nchi ya Ufaransa kwa hatua 6, kilomita 2,428. Waliondoka watu 60, wakamaliza 21 tu. Na mshindi, Maurice Garin, ambaye katika ujana wake alikuwa msafisha mabomba ya moshi, alikaa juu ya baiskeli zaidi ya saa 94. Zetu zilikuwa hatua 3, na muda wake wote hautimizi saa 5. Lakini hesabu ni ile ile, na uchungu wa sekunde ni ule ule.

Twapenda kwanza mfahamu habari ya upepo, maana asiyeifahamu hataelewa kwa nini tulikwenda watano. Adui wa mwendesha baiskeli si mlima peke yake. Adui mkubwa ni upepo, hata siku isiyokuwa na upepo. Kwani mtu aendaye kilomita 40 kwa saa hujifanyia upepo wake mwenyewe, na nguvu zake nyingi huishia katika kuupasua. Mwenzake akimfuata karibu sana, gurudumu nyuma ya gurudumu, pasiwe na nafasi ila shubiri mbili au tatu, hupata kivuli cha upepo, akaokoa nguvu kama robo, pengine hata theluthi. Kwa hiyo kwenye barabara ya tambarare mtu mmoja mwenye nguvu za simba hawezi kuwakimbia watu watano wa kawaida wanaopokezana mbele. Mlimani mambo hugeuka. Mwendo hupungua, upepo haudai tena kodi kubwa, na kila mtu hubaki na uzito wake mwenyewe na mapafu yake mwenyewe. Hapo mtu mwembamba huwa mfalme.

Na kule hewa nayo ni haba. Eldoret iko juu ya bahari mita kama 2,100, na Iten mita 2,400. Mgeni atokaye Mombasa hupanda ngazi za nyumba akahema.

Sasa watu wenyewe. Muuza maziwa mwamjua nyote, maana watoto wenu wamekunywa maziwa yake. Kwa muda wa miaka mingi amepandisha mitungi ya maziwa kila alfajiri juu ya baiskeli nyeusi nzito, zile ziitwazo Black Mamba, na sasa, akiwa na umri wa miaka 36, mkipa baiskeli nyepesi apande mlima nayo, huona kama amepandishwa kitini. Huyu ndiye tuliyemweka kuwa mkuu wetu, yaani yule ambaye wengine wote tungemfanyia kazi. Mwalimu alikuwa nahodha, kwa kuwa husema kidogo na watu husikia. Seremala ni mtu wa kifua na mabega, hafai mlimani, lakini kwenye tambarare ni ukuta unaotembea. Fundi wa baiskeli ni fundi. Wa mwisho ni kijana wetu wa miaka 20, mwepesi wa kukimbia mwishoni kama swala aliyeshtushwa. Gari letu lilikuwa pikapu ya kuazima, likiendeshwa na ndugu yake fundi, na nyuma yake magurudumu mawili ya akiba, maji, ndizi, na viazi vitamu vilivyochemshwa.

Jumamosi asubuhi ilikuwa hatua ya kushindana na saa, kilomita 24, kwenda na kurudi, timu 9 zikiondoka moja moja. Hapa hapana hila. Kila mtu hukaa mbele nusu dakika, kisha hujitenga kando, akawaachia wenzake wapite, akadaka gurudumu la mwisho. Kazi ngumu si kukaa mbele, bali kutozidisha mwendo ufikapo mbele. Maana mwenye nguvu akikurupuka huwavunja wenzake walio nyuma, na saa hupigwa wakati mtu wa tatu avukapo mstari, si wa kwanza. Seremala alituvuta kwa zamu ndefu kuliko zake, hata kilomita ya 20 akapunga mkono, tukamwacha. Asiyeujua mchezo angesema tumemtupa mwenzetu barabarani. Kumbe alikuwa amekwisha kutupa kila alichokuwa nacho, na kumngoja kungekuwa kukitupa alichotupa. Tukamaliza kwa dakika 36 na sekunde 10. Timu ya kwanza ilitupita kwa sekunde 41.

Alasiri yake ilikuwa mizunguko 15 katikati ya mji, kila mmoja kilomita 2. Ni tamasha ya watu. Madirisha yamejaa, watoto wamekaa juu ya kuta, waendesha bodaboda wapigia honi wamtakaye na wasiyemtaka. Kwetu sisi ilikuwa kona nne na hofu katika kila kona. Kundi lote likifika pamoja wote huandikiwa muda mmoja, ila watatu wa kwanza hupewa zawadi ya kupunguziwa muda: wa kwanza sekunde 10, wa pili 6, wa tatu 4. Katika mzunguko wa 13 watu sita wa timu nyingine walianguka mbele yetu kwa kishindo cha chuma, tukapita kandokando ya mtaro. Kijana wetu alifika wa tatu. Tulishangilia sana, na kwa haki.

Lakini shangwe hiyo ndiyo iliyoleta maneno ya usiku.

Tulikuwa tumekaa chumbani katika nyumba ya wageni, sahani za ugali na mboga na mayai zimekwisha kuondolewa, fundi akipangusa minyororo juu ya gazeti. Nahodha akaeleza safari ya kesho: kutoka Eldoret mpaka Iten, kisha kuteremka ukingo wa bonde la Kerio kupita Tambach, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, kugeuka bondeni, na kupanda njia ile ile mpaka Iten; jumla karibu kilomita 80. Akasema, kesho wote ni wa muuza maziwa. Ndipo kijana akauliza, kwa adabu lakini kwa sauti iliyotetemeka, "Katika hesabu ya leo mimi ni wa mbele yenu kwa sekunde 4. Kwa nini nimfanyie kazi mtu aliye nyuma yangu?"

Yafaa tuwaambie jambo lililokuwa nyuma ya swali hilo. Fedha haikuwa neno. Tulikuwa tumekubaliana tangu nyumbani kwamba zawadi yo yote itagawanywa sawasawa, kama ilivyo desturi ya waendeshaji wengi duniani. Lakini alikuwako bwana mmoja pale mashindanoni aliyekuja kutafuta vijana wa kuwaingiza katika timu kubwa ipatayo kusafiri nchi za ng'ambo. Bwana huyo alishika orodha ya matokeo. Na katika orodha ya matokeo, ndugu zetu, hapana safu ya aliyeleta maji. Hapana safu ya aliyekata upepo. Kuna jina, namba, na muda, basi. Kijana alijua hivyo, na sisi tulijua kwamba anajua.

Nahodha hakumkemea. Alimkumbusha habari za Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa baiskeli na David Kinjah wa huko huko Kenya. Jinsi mwaka 1912 na mia, yaani mwaka 2012, katika mbio za Ufaransa, alipokuwa akipanda La Toussuire akiwa na nguvu za kumwacha mkuu wake Bradley Wiggins, na kwa amri ya timu akapunguza mwendo amngoje. Wiggins akashinda mashindano, Froome akawa wa pili. Kijana akajibu papo hapo, "Na mwaka 2013 Froome akashinda yeye. Mimi nani ameniahidi mwaka wa pili?"

Hatukuwa na jawabu. Ni kweli kwamba wakubwa wapendao kusimulia habari za kungoja huwasimulia wale waliongoja wakapata. Waliongoja wasipate hawasimuliwi. Muuza maziwa, ambaye alikuwa kimya muda wote, akasema maneno machache: "Mlima wa kesho ni wa saa nzima na zaidi. Ukiniacha pale kwa miguu yako mwenyewe, nitakuwa mtumishi wako, nitakuletea maji. Nisipoachwa, nifanyie kazi." Kijana akaitika. Taa ikazimwa. Kama kila mmoja alilala, hatujui.

Jumapili tuliondoka saa mbili asubuhi, jua bado changa. Mpaka Iten seremala na fundi walikaa mbele yetu wakikata upepo, na nahodha akirudi nyuma garini kuchukua chupa za maji, akizitia ndani ya fulana mbele na nyuma mpaka akaonekana ana mimba na kibyongo pamoja, kisha akikimbia kutufikia. Wafaransa humwita mtu wa kazi hiyo kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani. Lilianza kuwa tusi, na leo ni cheo.

Kutoka Iten barabara hujipinda na kuanguka, na bonde huonekana chini lote, la buluu, kama nchi nyingine. Baridi ya juu huisha ghafula. Baada ya nusu saa mtu hupigwa na joto la migunga, mbuzi, na wauza maembe. Mteremko huo si mchezo. Suleiman Kangangi, mmoja wa waendeshaji mashuhuri wa Kenya na nahodha wa timu ya Amani, alikufa Agosti 2022 alipoanguka katika mashindano ya Vermont, Marekani, na habari yake haijasahauliwa Iten. Tena siku ile barabara haikufungwa. Malori na matatu yalipita kama kawaida. Tulikuwa tumeagizwa tusitafute sekunde mtelemkoni, na hatukuzitafuta.

Tulipofika bondeni, kundi la mbele lilikuwa limebaki na watu 11, na wetu walikuwa wawili: muuza maziwa na kijana. Wakageuka. Haikupita kilomita moja, mwiba wa mgunga ukaingia katika gurudumu la mbele la muuza maziwa, upepo ukatoka wote kwa mlio tuliousikia hata sisi tuliokuwa nyuma kidogo. Pikapu yetu ilikuwa mbali, imezuiliwa nyuma ya lori mteremkoni. Hapakuwa na mtu wa kuuliza wala wa kuamuru. Nahodha alikuwa nyuma mita kama 300. Kijana aliona wale tisa wakiendelea. Akavuta breki, akashuka, akalifungua gurudumu lake la mbele, akampa muuza maziwa, akamshika kiti akamsukuma mpaka akapata mwendo. Kisha akabaki amesimama kando ya barabara, baiskeli ya gurudumu moja mkononi, na mtoto mmoja mchunga mbuzi akimtazama.

Jambo hili si geni katika mchezo huu. Mwaka 1934, katika milima ya Pyrenees, kijana wa miaka 20 aitwaye René Vietto alimpa gurudumu lake mkuu wake Antonin Magne, akaketi juu ya ukuta akilia huku akingoja gari. Picha yake ikaenea Ufaransa nzima. Siku ya pili Magne akaharibikiwa tena, na Vietto, aliyekuwa amekwisha kumtangulia, akageuka akapanda mlima kurudi nyuma ampe baiskeli yake. Magne akashinda mbio zile. Vietto alimaliza wa tano, na katika maisha yake yote hakushinda mbio za Ufaransa. Kijana wetu hakulia. Alingoja dakika 3 na zaidi kidogo, pikapu ikafika, akatiwa gurudumu, akaondoka bila neno.

Muuza maziwa aliwafikia wale tisa karibu na Tambach, akawapita mmoja mmoja bila kusimama juu ya pedali, amekaa tu, kama apelekaye maziwa. Mmoja peke yake alimshinda kufika Iten. Yule aliyekuwa wa kwanza katika hesabu ya Jumamosi alifika sekunde 33 nyuma yake.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Alikuwa nyuma sekunde 41. Toeni 33, zabaki 8. Toeni na 6 za zawadi ya kufika wa pili, zabaki 2. Baada ya siku mbili, baada ya karibu kilomita 134, alishindwa kwa sekunde 2. Akawa wa pili katika mashindano yote.

Seremala, aliye mtu wa kupima na kukata, alianza kuhesabu usiku ule ule: kama gurudumu lingefunguka upesi zaidi, kama zile sekunde 4 za Jumamosi zingekuwa za muuza maziwa badala ya kijana. Nahodha akamzuia. Sekunde zile 4 muuza maziwa hangezipata hata angepewa siku saba, kwani hana mbio za mwishoni, zingechukuliwa na mtu wa timu nyingine. Na bila gurudumu la kijana angepoteza dakika 3 nzima, asionekane hata kati ya kumi. Hesabu ya namna hiyo ina mlango wa kuingilia, haina wa kutokea.

Kijana aliandikwa wa 31. Ndivyo orodha isemavyo, na itasema hivyo daima.

Yule bwana alipokuja kutuaga, nahodha alimweleza habari ya bondeni. Akasikiliza kwa heshima, kama watu wanaosikiliza maneno waliyokwisha kuyasikia kwingine. Ndipo fundi akakumbuka kwamba simu ya kijana, iliyokuwa mfukoni mwa fulana, huandika mwendo wake wote kwa njia ya setilaiti. Ikafunguliwa. Tangu alipotiwa gurudumu mpaka mstari wa Iten, akipanda peke yake bila mtu wa kumkinga upepo, muda wake ulikuwa nyuma ya ule wa mshindi wa hatua kwa dakika 1 na sekunde 20 tu. Bwana akaitazama simu muda mrefu kuliko alivyotutazama sisi, akaandika namba katika daftari lake. Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Hajapiga. Kijana huitazama simu mara nyingi kuliko ifaavyo, nasi twajifanya hatumwoni.

Zawadi ya nafasi ya pili, ilipokwisha kutolewa mafuta ya pikapu na chakula, ilimfikia kila mmoja wetu kiasi cha kununua tairi moja nzuri. Muuza maziwa alimlipa kijana tairi ya mbele kutoka fungu lake mwenyewe, ingawa hakudaiwa. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri mitungi ilikuwa barabarani kama siku zote. Baadhi yenu mlimlaumu kwamba alichelewa, naye hakuwaambia sababu.

Wako wasemao kwamba mchezo huu si wa kwetu. Hao hatutawajibu kwa maneno mengi. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mbio za Ufaransa na kuvaa fulana ya kijani mpaka mwisho, na Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Walioyatazama waliona milima kama ya kwetu.

Tumeulizwa pia kama twahitaji watu. Twawahitaji. Seremala asema magoti yake yamemshtaki, na mbio zijazo zataka watano. Atakaye kujaribu na aje Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi penye duka la fundi, na baiskeli yo yote yenye breki mbili zishikazo, na kofia ngumu. Asiye na kofia tunazo mbili za kuazimisha. Wasichana wawili wamekwisha kutuuliza kama nao waweza kuja. Waje.